Asidi Inayostahimili Soda

Wenzangu wa madarasa ya sayansi, mnaujua mchezo wa bureti. Watia soda kostiki tone kwa tone katika asidi ya siki, nayo haionyeshi badiliko. Kisha, karibu na mwisho, tone moja lageuza yote kuwa rangi ya waridi ghafula. Wengi hudhani ni ajabu. Si ajabu, ni hesabu, tena hesabu hiyo yahusu uhai wetu.

Asidi ya siki ni dhaifu, maana chembe zake nyingi hazikubali kuachana na haidrojeni yao. Soda ikiingia hula asidi, na mahali pake huzaliwa chumvi. Asidi iliyobaki na chumvi iliyozaliwa, vikikaa pamoja, huitwa bafa. Soda ikija hupokelewa na asidi. Asidi kali ikija hupokelewa na chumvi. Ukali hupimwa kwa pH, kipimo alichokitunga Sørensen wa Denmark mwaka wa 1909. Kwa bafa yetu:

pH = 4.76 + log (chumvi ÷ asidi)

Twaa 100 c.c. za asidi ya siki yenye moli 0.1 kwa lita, yaani moli 0.010. Tia 50 c.c. za soda ya nguvu ile ile. Imebaki asidi moli 0.005, na chumvi ni 0.005. Log ya 1 ni 0, basi pH ni 4.76. Ongeza 10 c.c.: asidi 0.004, chumvi 0.006. Log ya 1.5 ni 0.176, na pH ni 4.94. Ungalitia hizo 10 c.c. katika 150 c.c. za maji matupu, pH ingaliruka kutoka 7 hata 11.8!

Mwaka wa 1922 Van Slyke wa Marekani alieleza jinsi ya kupima uwezo wa bafa: moli za soda zilizotiwa kwa kila lita, gawanya kwa pH iliyopanda. Hapa moli 0.001 katika lita 0.150 ni 0.00667, gawanya kwa 0.176, wapata 0.038. Njia ya mkato ni hii:

2.303 × asidi × chumvi ÷ (asidi + chumvi) ÷ lita

Kwa 0.005 na 0.005 jibu ni 0.038 vile vile. Sasa jaribu baada ya 90 c.c. za soda: asidi 0.001, chumvi 0.009, lita 0.190. Jibu ni 0.011, halifiki hata theluthi. Basi bafa ina nguvu zaidi wawili hao wakilingana. Zikitimia 100 c.c. asidi imekwisha, pH imefika kama 8.7, na rangi yatokea.

Damu nayo ina bafa, bikaboneti na asidi ya kaboni, na pH yake hukaa kati ya 7.35 na 7.45. Mtoto anayehara sana hupoteza bikaboneti. Damu huzidi asidi, naye huhema kwa nguvu. Kwa hiyo dawa ya chumvi na sukari itolewayo hospitali hutiwa sitrati, ambayo mwilini hugeuka bikaboneti.

Siku ya mtihani, basi, hesabuni moli kwanza, ndipo mfungue kitabu cha log.