Asilimia 3.5 ya tani moja: hesabu iliyomo kwenye bwawa la chumvi

Ukifika Bagamoyo, nenda upande wa Nunge uone mabwawa ya chumvi. Maji ya bahari yanaingizwa, jua na upepo vinayakausha taratibu, chumvi inabaki. Swali: ndani ya tani moja ya maji yale kuna chumvi kiasi gani? Weka simu pembeni, hii tunaifanya kichwani.

Maji ya bahari kwa wastani yana chumvichumvi asilimia 3.5. Neno lenyewe linakuambia la kufanya: katika kila mia, chukua 3.5. Tani ni kilo 1,000. Namba ikiwa na sifuri mwishoni, kazi ni nyepesi:

- Asilimia 10: ondoa sifuri moja. Unapata 100.
- Asilimia 1: ondoa sifuri mbili. Unapata 10.
- Asilimia 3.5: ni 10 mara tatu, halafu nusu yake. 30 + 5 = 35.

Kwa hiyo ni kilo 35. Lakini si zote ni chumvi ya mezani. Hiyo ni kama asilimia 78 tu ya hizo kilo 35, yaani kilo 27 na kidogo. Zilizobaki ni pamoja na chumvi za magnesi, zenye uchungu. Ndiyo maana maji ya mwisho bwawani humwagwa, hayaachwi yakauke kabisa.

Sasa njoo kwenye mtego. Tuseme tunataka maji yafike asilimia 7. Tupunguze maji kiasi gani? Wengi watajibu, "Si asilimia 3.5 tu imeongezeka? Basi tupunguze kidogo." Hapana! Chumvi ni ileile, kilo 35. Ili 35 iwe asilimia 7, mzigo wote lazima uwe kilo 500. Yaani nusu nzima imepaa hewani! Kufika asilimia 14, unabaki na kilo 250. Na chumvi ya mezani huanza kuganda pale maji yanapobaki kama sehemu moja ya kumi ya yale ya mwanzo.

Umeona tatizo liko wapi? Asilimia haisimami peke yake. Kila ukiisikia, uliza: asilimia ya nini? Pale bwawani chumvi haikubadilika, kilichobadilika ni jumla tunayoigawia. Na mvua ya masika ikinyesha juu ya bwawa lililokaribia kuganda, jumla inapanda tena, asilimia inashuka, na siku kadhaa za jua zimepotea.

Mfano wa mwisho unagusa mfuko wako. Tuseme umenunua gunia la kilo 50 kwa shilingi 20,000, na chumvi yake ina unyevu wa asilimia 6. Umenunua maji kilo ngapi? Kuna njia ya mkato: asilimia 6 ya 50 ni sawa na asilimia 50 ya 6. Nusu ya 6 ni 3. Kilo tatu za maji!

Na pesa uliyolipia maji hayo? Asilimia 1 ya 20,000 ni 200. Zidisha mara sita: shilingi 1,200. Kwa gunia moja unaweza kunyamaza. Kwa magunia 100 ni shilingi 120,000, na hapo ni bora uianike sampuli kidogo na kuipima kabla hujakubaliana bei.