NYUMBA YA WASANII: HATI INA JINA LA NANI?

Ndugu msomaji, ikiwa umepata kusafiri kwa basi kutoka Arusha kwenda Namanga, basi umekwisha pita Oldonyo Sambu, na huenda ulipita ukiwa umesinzia. Mabasi hayakawii pale. Ukishaiacha Ngaramtoni na mashamba yake ya mahindi na maharage, kijani huanza kupungua na vumbi kuongezeka, na Mlima Meru hubaki mkono wako wa kulia. Mvua imekwisha tua mzigo wake upande wa pili, huko Usa River na Tengeru. Upande huu wa mlima hupata masazo. Hata hivyo mahali hapa pana jina zuri. Ol doinyo kwa Kimaasai ni mlima, na sambu ni neno la wafugaji wanapomtaja ng'ombe mwenye rangi zilizochanganyika. Mlima wa rangi nyingi, ukipenda.

Na rangi zipo. Kando ya barabara, chini ya mgunga, utawakuta akina mama wameketi, miguu wameinyoosha, sindano mkononi na kibuyu cha shanga magotini. Nyekundu ya damu na ushujaa, nyeupe ya maziwa, buluu ya mbingu iletayo mvua, kijani ya malisho. Hakuna anayechora mfano kwanza kwenye karatasi. Mchoro umo kichwani, na vidole vinahesabu.

"Takwenya, yeyo," nilimwamkia mmoja wao, mama wa makamo.

"Iko," akaitikia, kisha akanihurumia kwa Kiswahili: "Keti kivulini, mwanangu. Jua kali."

Nilimwuliza mkufu aliokuwa akiutunga atauuza kwa bei gani. Hakunitajia bei. Alinieleza kwamba bei humjia mnunuzi, si yeye. "Shanga hizi kanikopesha yeye," alisema. "Nikibishana naye leo, kesho nitatunga nini?"

Yafaa, ndugu msomaji, tuitafakari kauli hiyo kabla ya kuendelea, kwa sababu ndani yake mmejaa shida nzima ya msanii wa nchi yetu. Yule anayemkopesha malighafi ndiye huyo huyo anayemnunulia kazi, na ndiye anayejua mgeni wa Ulaya hulipa kiasi gani mjini. Mama yule ana ufundi mkubwa, lakini hana mahali pa kusimama akasema hapana.

SHANGA ZATOKA MBALI

Watu wengi hudhani kwamba shanga za Wamaasai ni kitu cha porini, kama mbegu. Zamani, kweli, zilikuwapo za mbegu, mifupa, udongo na madini. Lakini shanga ndogo za kioo tunazoziona leo ni bidhaa ya biashara ya nje. Sehemu kubwa ya zile nzuri, ambazo rangi yake haichujuki na tundu lake halikati uzi, asili yake ni viwanda vya nchi ya Wacheki, hasa mji wa Jablonec. Kwa hiyo mama wa Oldonyo Sambu anategemea bandari na bei ya fedha za kigeni sawasawa na fundi wa kiwanda anayengoja vipuri. Anayenunua robo kilo moja kwa duka la rejareja hulipa bei ya juu kuliko wote. Anayenunua kwa gunia hulipa ya chini. Asiye na fedha taslimu hukopa, na akikopa amekwisha kuuza kazi kabla ya kuitunga.

Hapo ndipo kituo cha sanaa cha jamii, kisichogawana faida, kinapopata kazi yake ya kwanza. Si kufundisha, maana mama huyu hahitaji kufundishwa na mtu kutunga shanga. Kazi ya kwanza ni kununua malighafi kwa jumla na kuigawa kwa bei ya jumla. Ya pili ni kulipa kazi inapopokelewa, si kuichukua kwa mali kauli na kumwambia msanii arudi mwezi ujao kuuliza kama imeuzwa. Mengine yote, yaani vipimo vya mkono wa mgeni, daftari la hesabu, maonyesho, picha za kuwavutia wanunuzi, hufuata baada ya hayo mawili.

Na hapa niseme neno langu mwenyewe. Tunayo desturi mbaya ya kuiita kazi ya mwanamume anayepaka rangi ubaoni "sanaa", na kazi ya mwanamke anayetunga shanga "mapambo" au "kazi za mikono". Ukiyatazama mapambo ya shingo ya bibi harusi wa Kimaasai, jinsi rangi zinavyopokezana na kukatizana bila kukosea hata tundu moja, utaona haya kuendelea kutumia majina hayo mawili.

MLINZI WA USIKU

Mfano mkubwa wa nyumba ya aina hii katika nchi yetu ulikuwa Dar es Salaam. Mwaka 1972 mtawa wa shirika la Maryknoll, Sista Jean Pruitt, alianzisha Nyumba ya Sanaa pamoja na vijana wachache waliokuwa na vipaji bila kazi. Walichora, walichonga, walichapa picha, walitia vitambaa rangi. Mwaka 1983 walihamia katika jengo lao jipya karibu na katikati ya jiji, na Mwalimu Nyerere alikuwa miongoni mwa waliowaunga mkono. Baadaye kituo kikabeba jina lake.

Miongoni mwa watu waliopita katika nyumba ile alikuwamo mlinzi wa usiku. Alikuwa mtu wa kusini, Mmakonde, aliyezaliwa mwaka 1934, na alikuwa na ndugu yake aliyekwisha pata nafasi pale, msanii Augustino Malaba. Mlinzi huyo alikuwa mchongaji tangu kwao. Wenzake wa mchana wakazitambua kazi zake, naye akatoka langoni akaingia ndani. Jina lake ni George Lilanga. Majini yake yenye masikio makubwa na matumbo ya kuchekesha, mashetani wanaokwenda sokoni na kugombana kama sisi, yakafika Washington mwaka 1978, na baadaye Ulaya na Japani. Ugonjwa wa kisukari ulimnyang'anya miguu, naye akaendelea kufanya kazi akiwa ameketi hadi alipofariki mwaka 2005.

Nimeikumbuka habari hii kwa sababu moja. Kama asingekuwapo mtu wa kumfungulia mlango, Lilanga angebaki mlinzi mwenye kipaji, na mji ungekuwa na walinzi wengi wa namna hiyo. Hata sasa sina hakika kwamba hatunao.

Lakini leo, ndugu msomaji, ukienda Dar es Salaam kuitafuta Nyumba ya Sanaa hutaiona. Jengo lile lilibomolewa. Picha zimetawanyika katika makumbusho na majumba ya watu duniani, wasanii walijitafutia njia nyingine, na jina limebaki midomoni mwa wenyeji wanaoelekezana njia.

Ulinganishe na ndugu zao wa Oysterbay. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya vipande vya ubao wa dari, akiuza picha penye maduka ya Morogoro Stores. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa baada ya kazi ya miaka minne tu. Hakuacha shule wala ofisi. Aliacha vijana aliowafundisha, wengi wao jamaa zake, nao wakashikamana; mwaka 1977 wakaunda ubia, na mwaka 1990 wakajiandikisha kuwa chama cha ushirika. Walikuwa na daftari la wanachama, kanuni, na mahali pale pale ambapo mwalimu wao alikuwa akikaa. Wamegombana mara nyingi, kama wanavyogombana watu wa ushirika popote, na wameiga picha za wenzao kuliko inavyopendeza. Hata hivyo kazi yao imedumu zaidi ya nusu karne tangu kifo cha mwanzilishi.

Kuna njia nyingine ya Mikocheni, ambako mwaka 2008 ilianzishwa Nafasi Art Space. Wale hawakungoja jumba. Walichukua makontena ya meli, wakayatoboa madirisha na kuyafanya karakana za wasanii, na uwanja wa katikati ukawa mahali pa muziki na maonyesho. Kontena lina joto, kila mtu anajua. Lakini kontena lina sifa moja ambayo jumba halina: ukifukuzwa, unaweza kulipakia katika lori ukaondoka nalo.

Hata jirani zetu wa Kenya wana la kutufundisha, na mwalimu mwenyewe ni mtu wa kaskazini yetu. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu mwaka 1932, alianzisha pamoja na wenzake kituo cha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965. Baada ya kuhama katikati ya mji walitulia Ridgeways, kando ya barabara ya Kiambu, mahali walipoishi na kufanyia kazi. Mwaka 1997 moto uliteketeza kituo na hazina ya picha za miaka mingi. Moto hula picha, lakini haukuweza kula uwanja. Walijenga tena pale pale.

KIWANJA CHA KIJIJI

Turudi chini ya Meru. Si kweli kwamba huku hakuna kinachofanyika. Shirika la Istituto Oikos kutoka Italia, ambalo limefanya kazi kwa miaka katika vijiji vya kaskazini mwa mlima, liliwasaidia wanawake wa Kimaasai kuanzisha mradi wa shanga uitwao Maasai Women Art. Mjini Arusha kuna karakana ya Shanga, iliyoanza mwaka 2007, ambamo watu wenye ulemavu huyeyusha chupa kuukuu na kufanya vioo na shanga, nao hulipwa ujira. Na katika Barabara ya Fire lipo soko la vinyago, safu kwa safu ya vibanda, ambako mkufu uliotungwa chini ya mgunga hufika ukiwa umepitia mikono kadhaa.

Ninachokiuliza ni kile nilichokiuliza kuhusu Nyumba ya Sanaa. Mradi ukimalizika na mgeni akirudi kwao, nani anabaki na ufunguo?

Bahati njema, katika kijiji jambo hili lina jibu rahisi kuliko mjini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, huiruhusu halmashauri ya kijiji kutoa hatimiliki ya kimila, si kwa mtu mmoja tu bali hata kwa kikundi cha wanakijiji waliojiunga pamoja. Na sheria hiyo humpa mwanamke haki sawa na mwanamume katika kuomba na kumiliki. Kiwanja kidogo kando ya barabara kuu, chumba kimoja chenye kufuli, tangi la kuvunia maji ya mvua, na hati yenye jina la kikundi. Hakuna haja ya jumba. Tena wanawake wana fungu lao katika mikopo ya halmashauri za wilaya, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambamo asilimia 4 ni yao, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ikarejeshwa mwaka 2024. Fungu kama hilo lingetosha kununulia shanga kwa gunia badala ya kwa kibaba.

Kikwazo, kwa maoni yangu, hakiko katika sheria wala katika fedha. Kiko katika mkutano wa kijiji. Kiwanja cha kando ya barabara ya lami kinatakiwa na kila mtu: mwenye duka, mwenye baa, mwenye kituo cha mafuta. Ili akina mama wakipate, lazima mtu asimame mbele ya wanaume na wazee na kusema kwamba kutunga shanga ni kazi inayostahili ardhi.

Nilimweleza yeyo habari ya hati ya kikundi. Alinisikiliza bila kuinua macho, vidole vikiendelea kuhesabu. Kisha aliniuliza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: kikundi chao kina wanawake wanane, na wawili kati yao hawajui kuandika, je, dole gumba linakubaliwa katika hati?

Nikamwambia linakubaliwa.

"Basi mkutano ni lini?" akauliza, si mimi, bali mwenzake aliyekaa upande wa pili wa mti.