Mzani wa Kupimia Sumu Majini

Mkulima wa Hedaru hutumia maji yaliyokwisha kupita mashambani mwa wengine. Maji hayo huteremka kutoka Milima ya Upare Kusini. Kahawa ya milimani hunyunyiziwa dawa za shaba ili kuzuia kutu ya majani na chulebuni. Pampu ikioshwa mferejini, au dawa iliyosalia ikimwagwa humo, shaba yaweza kufuata maji hadi tambarare. Jicho haliioni, na kuyachemsha maji hakuiondoi.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 2 za shaba katika lita moja ya maji ya kunywa. Kwa madini ya risasi kikomo ni miligramu 0.01 tu. Vipimo vya namna hii kwa kawaida hufanywa maabarani. Hata hivyo, wataalamu wa nchi mbalimbali wanatengeneza vihisi, yaani vipimio vidogo vya umeme viwezavyo kubebwa mkononi.

Kazi ya kihisi yafanana na ya ghala la chama. Kijiti chake hutumbukizwa majini na kutiwa umeme kidogo, shaba ikavutwa na kugandamia hapo. Huko ndiko kupakia. Kisha umeme hubadilishwa, shaba ikabanduka. Huko ndiko kupakua. Umeme upitao wakati wa kupakua ndio upimwao: shaba ikizidi, nao huzidi. Ncha ya kijiti hupakwa chembe za kaboni au dhahabu zenye ukubwa wa nanomita chache. Nanomita 1 ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Kama unga uloavyo maji upesi kuliko punje, ndivyo chembe hizo zilivyo na nafasi kubwa ya kunasa sumu, hata ikiwa kidogo sana.

Makatibu hawana budi kujihadhari. Kihisi cha shaba hakitambui vijidudu vya kipindupindu. Tena, kama mzani wa kahawa unavyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, kihisi nacho sharti kijaribiwe kwa maji ambayo kiasi cha shaba yake kinajulikana. Vingi bado vimo katika majaribio. Chama kisinunue kifaa kwa sifa za muuzaji, bali majibu yake yalinganishwe kwanza na ya maabara ya maji ya serikali.

Kinga iliyo rahisi haingoji chombo: pampu zioshwe mbali na mfereji, na mabaki ya dawa yasimwagwe majini. Agizo hilo lafaa kusomwa katika kila mkutano wa chama kabla ya msimu wa kunyunyizia dawa.