Tulivyoufuata Mto Tana kwa Pikipiki Hadi Karatina

Mimi ni mzaliwa wa Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini. Tangu utoto wangu nimeyaona maji yale mekundu yakipita mbele ya mji, na kila ulipofika mwaka wa mafuriko wazee wetu walikuwa na neno moja tu: "Bara kumenyesha." Ami yangu, aliyelima mpunga kandokando ya mto umri wake wote, alikuwa akinituma nikayatazame maji kabla ya kunywa chai. Nikirudi huniuliza: "Rangi gani?" Hakuniuliza kina wala kasi. Hiyo bara yenyewe hakupata kuiona hata siku moja.

Basi mwaka juzi, mvua za vuli zilipokuwa zikikaribia kwisha, nilikata shauri kwenda kuiona. Tulikuwa watu watatu na pikipiki tatu za sisi 150, zile zile zinazobeba abiria kila mtaa. Mmoja wetu alikuwa mwalimu. Wa pili ni fundi wa mota kutoka Likoni, mtu wa maneno mengi na mikono myepesi. Pikipiki yake, naomba msomaji alikumbuke hili, haikuwa yake. Aliiazima kwa shemeji yake, ambaye ndiyo inayomlisha yeye na watoto wanne.

Ya njiani sitayaeleza kwa urefu. Tulikutana Garsen, tukapita Hola na Garissa mto ukiwa upande wetu, kisha tukauacha tukashika njia ya Mwingi na Thika. Huko mbali na barabara kuu, Tana umefungwa mabwawa matano ya umeme: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Watu wa Kipini tunawasha taa kwa maji ambayo bado hayajatufikia, na mimi nilikuwa sijapata kuliwaza jambo hilo mpaka nilipokuwa juu ya tandiko la pikipiki.

Karatina tuliingia usiku wa siku ya pili, meno yakigongana. Mji ule uko juu kwa zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake haina adabu, huingia mpaka ndani ya kiatu. Pikipiki nazo zilikuwa zimechoka kwa namna yake. Huko hewa ni nyepesi, kabureta iliyopimwa Mombasa humimina petroli kuliko hewa, basi mota hukohoa na kutoa moshi mweusi. Fundi wetu alizirekebisha zote tatu kwa bisibisi moja nje ya nyumba ya wageni, huku vijana wa boda boda wamemzunguka kama wanafunzi wa chuoni.

Asubuhi, baada ya kusali alfajiri katika msikiti wa mjini, tulipita sokoni. Mpenzi wa soko la Kongowea asije akadhani amemaliza kuona masoko. Viazi, karoti, kabichi, ndizi na maharagwe yamelundikwa hadi macho yanachoka, na akina mama wanatoa bei kwa sauti ya watu waliokwisha kuijua hesabu yao. Shamba la watu hawa lina sifa ya zamani. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili palikuwa na kiwanda hapa Karatina cha kukausha mboga za kulishia askari.

Kutoka mjini tulipanda kuelekea Kagochi, kwenye Chuo Kikuu cha Karatina kilichopata hati yake mwaka 2013, na baada ya hapo lami ikatuaga. Nchi ile imeumbwa kama vidole vya mkono uliotandazwa kutoka mlimani. Kila kidole ni mgongo wa kilima, na kati ya kidole na kidole mna mto. Ukitaka kwenda kijiji unachokiona kwa macho, unashuka, unavuka, unapanda. Ukifika unaona kijiji kingine ng'ambo, unashuka tena. Udongo ni mwekundu, na ukinyeshewa huteleza kama sabuni. Nilianguka mara tatu kabla ya saa nne, na mara ya tatu mama mmoja mwenye kikapu mgongoni alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaja kuninyanyua.

Kiongozi wetu alikuwa kijana wa boda boda wa huko huko, hajafika miaka ishirini na mitano. Pikipiki yake hubeba maziwa alfajiri, magunia ya majani chai hadi kituo cha kununulia mchana, na wagonjwa saa yoyote. Kazi hii ya boda boda ilianza kwa baiskeli mpakani Busia, na serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008 ndipo ilipoenea nchi nzima. Mjini twazilaani kwa fujo zake. Kwenye migongo ile, ambako gari halipiti mvua ikinyesha, sijui wangeishije bila ya hizo.

Juu zaidi mashamba ya watu yanakwisha, unaingia ukanda wa chai ya serikali uitwao Nyayo Tea Zone, ulioanzishwa mwaka 1986 ili kuzuia mashamba yasile msitu. Nyuma yake ni msitu wenyewe, giza tupu. Ndani zaidi, kwenye mbuga ya taifa, pikipiki haziruhusiwi, basi tulibaki kandokando. Hapo mzee mmoja alitueleza habari za handaki refu ambalo wanavijiji walichimbishwa kwa nguvu na serikali ya kikoloni wakati wa Mau Mau, ili wapiganaji waliokuwa msituni wasipate chakula. Upande huu wa mlima ndio uliokuwa chini ya Waruhiu Itote, Jenerali China, mpaka alipokamatwa Januari 1954.

Nami nilikuwa nikiwakumbuka wengine pia. Mwaka 1899 Mwingereza Halford Mackinder alipoukwea Mlima Kenya na kufika kileleni tarehe 13 Septemba, msafara wake ulipita nchi hii ya Nyeri ukiwa na Waswahili 66. Ulikuwa mwaka wa njaa. Wawili katika msafara ule waliuawa na wenyeji karibu na mlima, wakati chakula kilipokuwa hakipatikani. Hatufundishwi habari zao madarasani. Walivuka mito hii hii kwa miguu, mizigo kichwani, na sisi wenye mota tulikuwa tukilalamika matope.

KUELEKEA MLIMA

Alasiri ilitukuta kwenye tawi moja la mto Ragati. Tulitawadha kwa maji baridi mpaka vidole vikafa ganzi, tukatandika makoti, tukasali kama wasafiri. Sasa sikiliza ajabu yake. Kutoka Karatina kibla ni kaskazini, kimeelemea mashariki kidogo tu, na Mlima Kenya uko huko huko, kulia kidogo kwa mwenye kusali. Mawingu yalikuwa yamefunguka, kilele kiko wazi na theluji yake.

Tulipotoa salamu tulimkuta yule mzee amesimama kwa heshima, kofia mkononi.

"Kumbe hata nyinyi watu wa pwani mnaomba mkiangalia Kirinyaga?" akauliza.

Mwalimu wetu akamweleza kwa upole kwamba sisi twaelekea Makka, na mlima umesadifu tu kuwa njiani. Mzee akafikiri, akauliza Makka ni mbali kiasi gani. Akaambiwa. Akasema baba yake alikuwa akisimama pale pale alfajiri, ameinua mikono kuuelekea mlima, kama ilivyokuwa desturi ya wazee wa Kikuyu, na si kwamba mlima ndio Mungu, bali ndiko walikoamini Ngai hushukia. Mwalimu akamwitikia kwa kichwa, akanyamaza. Nilimpenda kwa kunyamaza kule.

MAJI MEKUNDU

Tulipovuka kwenda, saa sita mchana, mto ule ulikuwa wa magoti, maji meupe unaona kila jiwe. Kijana alitufundisha: kwanza uvuke kwa miguu uijue njia, kisha gia ya kwanza, mafuta sawasawa bila kukata, macho yatazame ng'ambo na si majini. Kama utaisukuma kwa mkono, simama upande yatokako maji, ili ikiangushwa isikulalie. Tulivuka tukicheka.

Sasa ilikuwa karibu na saa kumi na moja, nasi twarudi. Mbingu juu yetu safi, hata tone halijadondoka. Kijana alisimamisha pikipiki yake ukingoni, akatazama jiwe moja alilolitia alama kwa jicho lake mchana.

"Mzee, hii maji imeanza kuja," akaniambia. "Si ya kuvuka saa hii."

Fundi akacheka, akasema maji hayajafika hata kwenye paja. Mimi nilitazama rangi. Yalikuwa mekundu, na majani makavu yalikuwa yakipita juu yake kwa wingi. Halafu nikasikia sauti ambayo Kipini hatunayo, mawe yakigongana chini ya maji. Nilifungua kinywa niseme, lakini nitasema kweli, niliona haya. Tulikuwa tumechoka, baridi inaingia, na nyumba ya wageni iko ng'ambo. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu hakukuwa kama kule kwa mwalimu.

Fundi akatia gia akaingia. Nusu ya njia alikwenda vizuri. Kisha gurudumu la mbele likapanda jiwe ambalo mchana halikuwapo, pikipiki ikalala, mota ikanywa maji ikazimika. Yeye aliing'ang'ania. Maji yalikuwa yamemfika kiunoni na bado amekamata mikono ya pikipiki kwa nguvu zote, nasi twapiga kelele: "Iache! Iache!" Haachi. Baadaye aliniambia alikuwa akiona uso wa shemeji yake tu.

Kijana ndiye aliyeingia. Alijifunga kiunoni kamba ya kufungia magunia, akatupa sisi na mzee ncha, akaenda akimwinamia maji. Alipomfikia hakumwambia neno, alimbandua vidole kimoja kimoja. Pikipiki ikaondoka. Tuliwavuta wote wawili, wakatapakaa matope kama samaki wa kambare. Robo saa baadaye lile jiwe la alama halikuonekana tena.

Tulilala kwa mzee, karibu na moto, tukala githeri na kunywa chai nzito ya maziwa. Fundi hakusema usiku kucha, na wamjuao wataelewa uzito wake. Kijana alikataa pesa. Akasema tukitaka tumnunulie kamba mpya, ile ya zamani imeanza kukatika.

Alfajiri maji yalikuwa yamerudi magotini, meupe, kama kwamba hapakuwa na kitu. Pikipiki tuliikuta imekwama kati ya mawe mawili, hatua kama mia tatu chini. Fundi akaisimamisha kwa gurudumu la nyuma maji yakatoka kwenye ekzosi, akafungua plagi, akapiga kiki mpaka silinda ikatema maji yote. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Akaimwaga, akatia mpya, akaimwaga hiyo nayo, akatia nyingine. Saa nne na nusu ikaitika. Fundi akaenda kando akasujudu.

Nilipofika Kipini ami aliniuliza kama nimeiona bara. Nikamwambia nimeiona. "Rangi gani?" Nikamwambia asubuhi meupe, jioni mekundu, na kwamba nilijua na sikusema. Alinitazama muda mrefu, kisha akaniuliza jina la yule kijana ili amtaje katika dua.

Likoni, shemeji alizunguka pikipiki yake mara mbili bila kuona kasoro, maana fundi alikuwa ameisugua ikang'aa kuliko alivyoichukua. Kisha akafungua kisanduku cha hewa. Akatoa jani bichi la chai, akalishika kwa vidole viwili.

"Na hili," akauliza, "lilipandaje hapa?"

Fundi akanitazama mimi.