Skatingi: Ukanda wa Chini ya Ukuta

Skatingi ni ukanda unaozunguka chumba pale ukuta unapokutana na sakafu. Huficha ufa unaobaki kati ya viwili hivyo, kwani ni nadra plasta kushuka hadi chini ikiwa imenyooka. Pia huukinga ukuta dhidi ya fagio, miguu ya viti na, zaidi ya vyote, maji ya deki. Ukuta usio na skatingi haukawii kuota mstari wa uchafu kuzunguka chumba kizima, na rangi yake huanza kubanduka kutoka chini.

Kwa hiyo kabla ya kutazama urembo, itazamwe namna sakafu inavyosafishwa. Nyumba inayopigwa deki kila asubuhi kwa ndoo na tambara inafaa skatingi ya vigae, hasa jikoni, koridoni na barazani. Mbao ngumu kama mninga au mvule hupendeza sebuleni na hudumu, mradi zipakwe vanishi pande zote, hata mgongo unaogusa ukuta. Upande huo mafundi wengi huuacha mtupu, na ndiko unyevu na mchwa huanzia. Skatingi ya MDF ni rahisi na imenyooka vizuri, lakini ikilowa hufura na hairudi tena hali yake. Ni ya chumba cha kulala, si ya jikoni. Ya plastiki haiogopi maji wala mchwa, ingawa hukwaruzika upesi. Asiye na fedha ya hayo yote hupaka mkanda wa rangi ya mafuta, na si jambo la kudharau: madarasa mengi yamehifadhiwa hivyo.

Kuta za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za miji ya mwambao, zinahitaji tahadhari. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Ukizibwa chini kwa vigae na saruji, unyevu uliokuwa ukitokea hapo hupanda na kutokea juu ya skatingi.

Hesabu huanza na mzingo wa chumba. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 kina mzingo wa mita 15. Ukitoa mlango wa sentimita 90 na kuongeza asilimia 10 ya hasara, zinahitajika mita 15.5 hivi, yaani vipande 26 vya urefu wa sentimita 60. Kigae cha sentimita 60 kwa 60 huhesabiwa kwamba kitatoa vipande sita vya kimo cha sentimita 10, lakini diski ya grinda nayo hula milimita 2 hivi kila inapopita, hivyo cha sita hutoka kifupi. Vigae vitano hutoa vipande kamili 25, na kazi hukwama kwa kimoja. Kimo kikipunguzwa hadi sentimita 9.7, vyote sita hupatikana sawa.

Skatingi hufungwa baada ya sakafu kukamilika na kabla ya koti la mwisho la rangi. Ya vigae hugandishwa kwa gundi ya vigae, ukingo uliokatwa vibaya zaidi ukielekezwa chini, na viungo vyake vikifuatana na viungo vya sakafu. Plasta ikichimbwa kidogo, kigae hulingana na uso wa ukuta na hakiachi kidato cha kukusanya vumbi.

Mbao hukaa kwanza chumbani siku kadhaa zizoee hewa yake. Kona za nje hukatwa nyuzi 45. Kona za ndani ni vigumu kukuta zenye nyuzi 90 kamili, kwa hiyo ni bora kipande kimoja kifike hadi ukutani na cha pili kichongwe kufuata umbo lake. Skrubu na plagi huwekwa kila baada ya sentimita 40 hadi 60, mbali na mstari wa wima wa soketi, ambamo nyaya huweza kupita.

Kwenye sakafu ya laminati, skatingi hufungwa ukutani tu. Sakafu hiyo hutanuka na kusinyaa, nayo huachiwa nafasi ya milimita 8 hadi 10 kila upande. Ikipigiliwa misumari au nafasi hiyo ikijazwa saruji, huinuka katikati ya chumba. Mwishoni, ukingo wa juu huzibwa kwa mastiki inayopakika rangi, na wa chini, katika vyumba vya maji, kwa silikoni, ambayo huachwa ikauke kabla ya deki ya kwanza.