Nani Aende Tamashani, Nani Abaki Nyumbani?

Ilikuwa jioni, ukungu wa Nambis umekwisha kushuka hadi mlangoni na mama watoto anachochea moto, binti yetu wa pili alipoweka kikombe chake chini na kusema, kwa adabu zote, kwamba alikuwa na ombi. Hakutaja harusi wala msiba. Alitaka ruhusa ya kwenda Unguja mwezi wa Februari, yeye na rafiki zake watatu, kusikiliza muziki katika tamasha la Sauti za Busara.

Nilikataa kabla hajamaliza. Nilizitaja sababu ambazo mzazi ye yote wa huku Mbulu angezitaja: umbali, fedha, bahari, usiku na wahuni. Binti alinyamaza. Mama yake ndiye aliyesema, tena bila kuniangalia: "Na wewe baba, ulipokuwa ukienda dansini, ruhusa ulikuwa ukiiomba kwa nani?"

Ndugu msomaji, swali hilo nililala nalo usiku kucha, na asubuhi nikaamka nalo.

Mwaka 1984 nilikuwa kijana wa miaka 20. Tulikuwa marafiki wanne, wote wa milima hii hii, na kila tuliposikia kwamba kuna bendi imefika mjini Mbulu tuliacha majembe mapema, tukaoga, tukateremka kwa miguu. Viatu tulivibeba mkononi hadi tulipofika karibu na ukumbi, maana udongo wa njia zetu wakati wa mvua haumstahi mwenye viatu vya dansi. Kiingilio tulichanga. Asiyekuwa nacho alilipiwa na wenzake, naye safari nyingine akalipa deni lake bila ya kukumbushwa.

Vijana wa leo huniuliza kwa nini tulihangaika hivyo wakati redio ilikuwapo. Ni kweli, Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ikiwarekodi wanamuziki wetu na kuwapigia wananchi nyimbo zao kila siku. Lakini nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilitegemea sana viwanda vya Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, usifunguliwe tena hadi 1983, njia hiyo nayo ikawa nyembamba. Kwa hiyo ugali wa mwanamuziki ulitoka mlangoni, katika kiingilio cha watu waliokuja kumwona kwa macho yao. Bendi nyingi zilikuwa mali ya mashirika na jumuiya. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na jina lake likabadilika kila chama hicho kilipobadili jina, hata leo wapenzi wake wanaiita Msondo Ngoma. Mlimani Park, iliyozaliwa mwaka 1978, baadaye ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC. Mashabiki wa Msondo na wale wa Sikinde, ambalo ndilo jina la mtindo wa Mlimani, walitaniana kama watani wa jadi wa mpira.

Sisi wa milimani hatukuwaona wakubwa hao kila wiki. Tuliyempata ndiye tuliyemshangilia. Nakumbuka bendi moja ambayo gitaa lake la besi lilikatika nyaya mbili katikati ya wimbo, na mpigaji akaendelea na zilizobaki hadi alfajiri. Hakuna aliyedai kurudishiwa fedha zake. Laiti ningaliusikia wimbo ule redioni na kasoro ile, ningalizima. Lakini pale ukumbini tulikuwa tumekwisha kuwa upande wake.

Wakati wa kurudi ndipo urafiki ulipopimwa. Usiku mmoja wa mvua mwenzetu aliteleza akaanguka korongoni, mguu ukavunjika. Tulimbeba kwa zamu, watatu sisi, hadi kwao, na tulipofika jua lilikuwa limechomoza. Mpaka leo anachechemea, na mpaka leo tukikutana mnadani huanza kwa kuniuliza kama naikumbuka nyimbo ya mwisho iliyopigwa usiku ule. Ninaikumbuka.

Hayo ndiyo niliyozoea kuyasimulia, na watoto hucheka. Sehemu nisiyoisimulia ni kwamba nilioa, na baada ya kuoa nikaendelea kwenda. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa usiku ambao mimi nilikuwa dansini. Akina mama wa jirani ndio waliomhudumia mke wangu. Niliporudi asubuhi, nguo zikinuka moshi wa sigara za watu, nilimkuta ameketi na mtoto mikononi, akanipa nimpakate. Hakunilaumu siku ile wala siku iliyofuata. Alingoja zaidi ya miaka thelathini, akaniuliza lile swali mbele ya binti yake.

Katika desturi zetu sisi Wairaqw kuna maombi ya baraka yanayoitwa slufay. Mzee husimama mbele ya mkusanyiko, akasema kwa mafungu yenye mpangilio wake, na kila baada ya fungu waliohudhuria humwitikia kwa pamoja. Asipoitikiwa, maneno yake ni ya mtu anayezungumza peke yake. Pale hakuna watumbuizaji upande mmoja na watazamaji upande mwingine; kila aliyekuja ana kazi yake. Nadhani ndiyo sababu wanne sisi tulipoingia ukumbini hatukujiona wageni, ijapokuwa gitaa la umeme halikuwa la mababu zetu. Tulikuwa tumezaliwa tukijua kuitikia. Nadhani pia ndiyo sababu sijapata kumwona mtu akienda dansini peke yake na kurudi akiwa na furaha. Lakini waitikiaji tuliowahesabu siku zote tulikuwa wanaume. Mke wangu angeitikia wapi?

Basi tuliketi, mimi na mama watoto, tukaamua jambo ambalo lingetakiwa kufanyika zamani. Kabla ya kuzungumza habari za Unguja, tungekwenda Haydom, sote watatu. Haydom ipo humu humu Mbulu, ukipita Dongobesh, na watu wengi wa mbali huijua kwa hospitali yake ya Kilutheri, iliyoanza mwaka 1955. Lakini pana pia kituo cha utamaduni kiitwacho kwa kifupi 4CCP, chenye makumbusho na tamasha lake la ngoma. Namba 4 inasimamia pembe nne, kwa sababu katika nchi hiyo ndogo hukutana watu wa makundi manne ya lugha: sisi Wairaqw tulio Wakushi, Wadatoga walio Waniloti, Wanyaturu na Wanyiramba walio Wabantu, na Wahadzabe, ambao lugha yao yenye mialiko ya ulimi wataalamu wengi wanasema haina ndugu duniani. Mtaalamu wa lugha angesafiri mbali sana kuyapata yote manne mahali pamoja. Sisi tulipanda basi.

Sitaeleza kila ngoma. Akina mama wa Kidatoga waliruka juu na kutua kwa pamoja, mashada ya ngozi ya nguo zao yakipepea, na vumbi likatufikia tulipokaa. Wazee wa Kihadzabe walikuwa na sauti za chini chini ambazo zilinyamazisha hata wauza karanga. Ilipofika zamu ya wenzetu, mwimbishaji alitoa ubeti wa kwanza, na kabla sijafumbua mdomo nikasikia kando yangu mtu akiitikia kwa sauti ya juu, safi, isiyotetereka. Alikuwa mke wangu. Alizijua zote. Binti alinitazama mimi badala ya kutazama uwanjani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nilitafuta neno la kusema sikulipata, nikapiga makofi kama wengine.

Tuliporudi nyumbani ruhusa haikuwa tena jambo la kubishaniwa. Kilichobaki ni usalama, na hapo sikulegeza kamba, wala sioni kwa nini mzazi alegeze.

Hofu yangu haikuwa bahari. Siku ya Idd el Fitri, Oktoba 2008, watoto wapatao 20 walipoteza maisha katika ukumbi wa disko mjini Tabora, kwa kukosa hewa katika msongamano. Walikwenda kufurahia sikukuu. Asidhani mtu kwamba ni ajali za nchi maskini peke yake: Novemba 2021, mjini Houston, Marekani, watu 10 walikufa kwa kubanwa katika uwanja wa tamasha kubwa, na mwaka 2010 huko Duisburg, Ujerumani, walikufa 21. Wengi hudhani watu hao hukanyagwa. Mara nyingi sivyo. Mtu hufa akiwa amesimama, kwa sababu kifua kimebanwa pande zote kiasi cha kushindwa kupanuka kuvuta pumzi.

Kwa hiyo nilimweka binti na wenzake watatu barazani, nikawasomesha kama mwalimu. Mkifika mahali, tazameni kwanza milango ya kutokea, si jukwaa. Simameni pembeni, msijitie katikati mbele. Mkiona mikono yenu haiwezi tena kuinuka kwa uhuru, ondokeni wakati huo huo, hata kama wimbo mnaoupenda ndiyo kwanza umeanza. Mkibanwa, kunjeni mikono mbele ya kifua kama bondia, muifanyie pumzi nafasi. Umati ukisukuma, msishindane nao, pitieni pembeni kidogo kidogo kila unapolegea. Kitu kikianguka chini, hata kama ni simu, kiacheni. Wekeni mahali pa kukutania iwapo mtapoteana, kwa kuwa penye watu wengi simu nazo hukataa. Mwenye kuja na wenzake hurudi na wenzake. Hakuna wa kubaki nyuma eti amepata mwenyeji.

Niliongeza habari ya masikio, wakaguna. Lakini Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2022 kwamba wastani wa sauti katika kumbi na matamasha usizidi desibeli 100, na kwamba wasikilizaji wapatiwe vizibo vya masikio na mahali patulivu pa kupumzika. Vipaza sauti vya siku hizi si vile vya kwetu vilivyokuwa vikikoroma. Mmoja wa wale marafiki zangu watatu hunijibu sasa kwa kunitazama midomo.

Na kuhusu tamasha lenyewe, nilitaka kujua ninapompeleka mtoto. Sauti za Busara ilianza Februari 2004, na jukwaa lake kubwa lipo Ngome Kongwe, katika Mji Mkongwe, ndani ya kuta nene zilizojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kuwatimua Wareno. Sharti lake moja lilinipendeza: muziki hupigwa papo hapo, kwa vyombo na koo za watu, wala msanii haruhusiwi kupanda jukwaani akafumbua mdomo tu huku santuri ikimwimbia. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliimba pale akiwa bibi kizee, na vijana wakamshangilia kuliko walivyowashangilia wajukuu zake. Wananchi hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni wa nje, jambo la haki kabisa. Hata hivyo, kuliendesha si lelemama: mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha, likarejea 2017. Nilimkumbusha binti kwamba nje ya ukumbi kuna mji wa watu wenye dini na heshima zao, na kwamba kanga mbili begani hazijapata kumlemea msafiri.

Fedha walichanga wenyewe kwa miezi mitano, kila mmoja akiweka alichopata, mmoja kwa kushona, mwingine kwa kuuza maharage ya shamba lake. Mwenzao wa nne alipungukiwa wiki mbili kabla ya safari. Sikuambiwa, nilisikia tu kwamba amekwisha kulipiwa na wenzake. Hapo nikajua wataondoka na watarudi salama.

Waliondoka mjini Mbulu alfajiri kwa basi, wakateremka ukuta wa Bonde la Ufa hadi Mbuyu wa Mjerumani, wakashika njia ya Arusha. Nilisimama kituoni mpaka taa za nyuma zilipopotea katika ukungu. Mama yake alibaki nyumbani kukamua ng'ombe, akisema kwamba yeye alikwisha kuaga usiku.

Usiku wa pili wa tamasha simu ililia tukiwa motoni. Binti hakusema neno. Alikuwa ameinua simu juu, kuelekea jukwaani. Kilichotufikia Nambis kilikuwa mkoromo kama mvua juu ya bati, na ndani yake, mbali sana, ngoma na sauti ya mwanamke akiimbisha, na umati wa watu ukimwitikia. Tulisikiliza vichwa vyetu vikigusana juu ya kile kisimu kidogo mpaka laini ikakatika.

Mama watoto alikirudisha mfukoni mwangu, akachochea moto, akakaa kimya kitambo. Kisha akaniuliza nauli ya boti ni shilingi ngapi.