Usikate Mbeleko Kabla ya Mtoto Kuzaliwa: Kisa cha Kofia ya Sega

Wahenga walisema, usikate mbeleko kabla ya mtoto kuzaliwa. Msomaji mpendwa, methali hii si ya kujibia mtihani wa fasihi simulizi tu. Kuna kampuni kubwa ya Japani, Sega, iliyokata mbeleko, ikaishona, ikaitandaza watu wote waione, na mtoto mwenyewe hakuzaliwa kamwe.

Mtoto huyo aliitwa Sega VR. Ilikuwa kofia ya kuvaliwa kichwani na kufunika macho, iunganishwe na mashine ya michezo ya video ya Mega Drive, ambayo Wamarekani waliiita Genesis. Ndani yake mlikuwa na vioo viwili vidogo vya kuonyesha picha, vya kusikilizia sauti masikioni, na vihisi vya kupima kichwa kimegeukia wapi. Ukigeuka kushoto, picha nayo igeuke. Yaani mchezaji ajione yumo ndani ya mchezo wenyewe, si kuutazama tu kwa televisheni.

Sega ilitangaza kofia hiyo mwaka 1991. Mwaka 1993 iliionyesha kwenye maonyesho ya vifaa vya elektroniki huko Marekani, ikaahidi kuiuza kabla ya mwaka kwisha kwa dola 200 hivi. Michezo minne ikatajwa, mmoja ukiitwa Nuclear Rush. Watoto wakangoja weee! Mwaka 1994 mradi ukafutwa.

Kwa nini? Sega ilitoa sababu ya ajabu: eti kofia ilikuwa nzuri kupita kiasi, mchezaji angesahau yuko nyumbani, atembee ajiumize! Kumbe baadhi ya walioijaribu waliumwa na kichwa na kusikia kichefuchefu. Watafiti nao walikuwa wameonya kuhusu madhara ya kuivaa kwa muda mrefu.

Aliyewahi kusoma kitabu ndani ya matatu anaijua hali hii. Ndani ya sikio kuna kiungo kinachotambua mwendo. Sikio linauambia ubongo, "Tunakwenda." Jicho lililo kitabuni linasema, "Tumetulia." Ubongo unachanganyikiwa na tumbo linavurugika. Kofia ilileta ugomvi huo huo kwa njia nyingine: sikio linasema kichwa kimegeuka, lakini picha bado haijafika. Mega Drive haikuwa na nguvu za kutosha. Kumbukumbu yake kuu ilikuwa kilobaiti 64 tu, na Nuclear Rush ulitoa picha kama 15 kwa sekunde. Kofia ya HTC Vive, iliyotoka mwaka 2016, hutoa 90. Pima mwenyewe.

Julai 1994 Sega iliweka chombo cha namna hiyo, VR-1, katika jumba lake la burudani la Joypolis mjini Yokohama. Lakini ile ya nyumbani haikufika dukani. Mwaka 2020 shirika la Video Game History Foundation liliufufua mchezo wa Nuclear Rush kutoka kwa programu iliyokuwa imehifadhiwa kwenye CD ya mwaka 1994, ukachezwa kwa kofia ya kisasa.

Je, tuilaumu Sega? Kwa maoni yangu, ilikosea kutangaza bei na siku kabla ya kujua kama kitu kinafaa. Hata hivyo, ilifanya vyema kukubali hasara badala ya kuwauzia watoto kitu cha kuwaumiza. Kilichobaki kilikuwa kusema ukweli, "Kinaumiza, tumeshindwa." Badala yake ikajisifu hata katika kushindwa.

Kwa hivyo, wanafunzi wenzangu, mkiona tangazo la simu au kifaa chochote kipya, msikimbilie bei na rangi. Ulizeni kwanza: ni nani amekitumia saa nzima, na aliposimama alijisikiaje? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.